Hariri: Tuijue Kabla ya Kuihukumu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote zinamstahikia Allah (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi na vilivyomo ndani yake. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Wapenzi wanafunzi, na wazee wetu mnaolisoma jarida hili pamoja na watoto wenu nyumbani, mwaka huu nimeomba nafasi nizungumze kuhusu hariri. Najua wengi mtasema, "Hilo tunalijua Maalim, hariri haramu kwa wanaume, halali kwa wanawake, basi." Nami ndivyo nilivyokuwa nikisema, na kwa kusema hivyo nilimdhulumu mtoto wa watu mbele ya kadamnasi. Kisa chenyewe nitakisema, maana aliyekosea ni mimi.

Ilikuwa siku ya hafla ya kufunga mwaka. Mtoto mmoja wa miaka tisa alikuja amevaa kanzu nyeupe, na juu yake kizibao cha rangi ya dhahabu kinachometameta, alicholetewa na mjomba wake kutoka Dubai. Yeye ndiye aliyepangwa kusoma Qur'ani ya kufungulia. Mimi ndiyo kwanza nimemaliza diploma yangu, kichwa kimejaa dalili. Nikamwita, nikamwambia mbele ya wenzake na wazazi, "Vua hicho, hariri ni haramu kwa wanaume wa umma huu." Mtoto akavua. Akasoma sura yake kwa sauti ya kutetemeka, na alipomaliza hakurudi kukaa na wenzake, alitoka nje moja kwa moja.

Kesho yake baada ya alasiri akaja bibi yake, mshonaji wa siku nyingi. Hakunigombeza. Baada ya salamu aliniuliza tu, "Maalim, una kibiriti hapo?" Akachomoa uzi mmoja katika upindo wa kile kizibao, akauwasha. Uzi ukajikunja, ukayeyuka, ukadondosha tone jeusi lililoganda likawa gumu kama ushanga, na chumba kizima kikanuka plastiki. Kisha akatoa katika mkoba wake kipande cha kitambaa cha zamani, rangi imefifia, akachomoa uzi mwingine akauwasha. Huu uliungua polepole, ukanuka kama nywele zilizobabuka, na jivu lake likasagika vidoleni kama unga. "Hii ndiyo hariri, Maalim. Ni ya nguo yangu ya harusi. Ile ya mjukuu wangu ni plastiki." Akakunja vitu vyake, akaniaga.

Ndugu zangu, siku ile nilikuwa nimekosea mara mbili. Kosa la kwanza, nilikiita hariri kitu ambacho si hariri. Kosa la pili lilinipata nilipokwenda kufungua kitabu: Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho sisi Mashafi tunakitegemea, amesahihisha kauli kuwa walii anaruhusiwa kumvisha mtoto wa kiume hariri kabla hajabaleghe. Wapo maimamu wengine waliokataza, na mzazi anayejizuia kwa tahadhari amefanya vizuri. Lakini mimi sikuwa nimefikiri lolote kati ya hayo. Niliona kitu kinang'aa, nikahukumu.

Chuoni tulifundishwa kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukielewa. Tuliiandika kauli hiyo katika madaftari, tukaijibia mtihani, tukapata alama. Basi na tuanze kukielewa kitu chenyewe.

Hariri haioti shambani kama pamba, wala si manyoya ya kondoo. Ni uzi unaotoka mdomoni mwa mdudu. Yai lake ni dogo kuliko punje ya ufuta. Kiwavi akishaanguliwa hula majani ya mforsadi, usiku na mchana, kwa muda wa siku 25 hadi 28 hivi, na katika muda huo hujivua ngozi mara nne. Waliowahi kuingia katika nyumba za wafugaji husimulia kuwa sauti ya maelfu ya viwavi wakitafuna ni kama mvua inayonyesha juu ya majani. Akifikia ukomo wake uzito wake umeongezeka kiasi cha mara 10,000 kuliko siku aliyozaliwa. Hapo huacha kula, huinua kichwa, na kuanza kutoa uzi huku akikizungusha kichwa chake kwa mfano wa namba 8, siku tatu hivi bila kupumzika, mpaka amejifungia ndani ya kifuko cheupe chenye umbo la yai. Kifuko hicho ni uzi mmoja tu usiokatika, wenye urefu wa mita 600 hadi 900, na pengine hupita mita 1,000.

Kiwavi akiachwa humo hugeuka nondo, akatoboa kifuko atoke, na uzi wote ukakatika vipande. Kwa hiyo wafugaji huvipitisha vifuko kwenye mvuke au hewa ya moto ili mdudu afe ndani. Kisha hutiwa katika maji ya moto yanayolainisha gundi iliyoshikamanisha uzi. Mfanyakazi hutafuta ncha kwa brashi ndogo, na kwa kuwa uzi mmoja ni mwembamba mno huunganisha nyuzi za vifuko kadhaa kwa pamoja ndipo auvutie kwenye gurudumu. Kilo moja ya hariri ghafi huhitaji vifuko 5,000 hivi, na majani ya mforsadi yanayozidi kilo 100. Wale wachache wanaoachwa watoke kwa ajili ya mbegu ni nondo wasioweza kuruka wala kula. Jike hutaga mayai 300 hadi 500, na baada ya siku chache hufa.

Mwanafunzi mmoja wa kike aliniuliza darasani, "Maalim, si dhulma kumuua mdudu kwa moto?" Swali zuri, na si jipya. Wanazuoni wa zamani waliulizwa kuhusu kuanika vifuko kwenye jua kali mpaka mdudu afe, na waliruhusu kwa haja, pasipo kukusudia kumtesa. Walijadiliana pia kama kiwavi na mayai yake yanafaa kuuzwa: Imam Abu Hanifa hakuruhusu kumuuza kiwavi huyo, Imam Shafi'i akaruhusu. Angalieni jinsi walivyokuwa. Walijua kiwavi ni nini, anafugwaje, anauzwaje, anakufaje, ndipo wakatoa hukumu. Na Ibn Kathir katika tafsiri yake amepokea kwamba Imam Shafi'i aliulizwa dalili ya kuwepo Muumba, akataja jani la mforsadi: ladha yake ni moja, lakini akilila kiwavi hutoka hariri, akilila nyuki hutoka asali, akilila paa hutoka miski, na wanyama wengine wakilila hutoka samadi. Mimi husema kuwa mtu asiyejua kiwavi hula nini hawezi kuonja utamu wa jibu lile.

Sasa tuje kwenye hukumu. Imepokewa kutoka kwa Sayyidna Ali (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) alishika hariri mkono mmoja na dhahabu mkono mwingine, akabainisha kuwa viwili hivyo ni haramu kwa wanaume wa umma wake. Lakini hariri yenyewe si najisi wala si kitu kibaya. Katika Surat Al-Hajj, Surat Fatir na Surat Al-Insan, Allah (S.W.) ameitaja kuwa ni vazi la watu wa Peponi. Na kipo kisa cha Sayyidna Umar (R.A.) kilichomo katika Bukhari na Muslim. Aliona vazi la hariri linauzwa mlangoni mwa msikiti, akamshauri Mtume (S.A.W.) alinunue avae siku ya Ijumaa na anapopokea wageni. Mtume akakataa. Baadaye yaliletwa mavazi ya namna hiyo, Mtume akampelekea Umar moja. Umar akashangaa, akaenda kuuliza, akafahamishwa kuwa hakupewa alivae yeye. Akampelekea ndugu yake aliyekuwa Makka, ambaye wakati huo alikuwa bado mshirikina. Vilevile Mtume (S.A.W.) aliwaruhusu Abdurrahman bin Auf na Zubair bin Awwam (R.A.) wavae hariri kwa sababu ya ugonjwa wa kuwashwa, na imepokewa ruhusa ya upindo wa hariri wa upana wa vidole viwili, vitatu au vinne.

Kwa hiyo Muislamu mwanamume hakukatazwa kuishika hariri, kuiuza, kuinunua wala kumpa mkewe. Na kweli wazee wetu wa mwanzo waliifanyia biashara, wakaijua kama mvuvi anavyojua samaki. Hapa ndipo inapoingia nchi ya China.

Wachina wamekuwa wakifuma hariri kwa zaidi ya miaka 4,000, na kwa karne nyingi wao peke yao ndio waliokuwa na ufundi huo. Kitambaa kilifika hadi Roma kwa misafara ya ngamia na kwa majahazi, huku Warumi hawajui hata kinatokana na nini. Mwaka 16 wa zama za Masihi, miaka kama 600 kabla ya kuja Uislamu, Baraza la Seneti la Roma lilipiga marufuku wanaume kuvaa hariri kwa kuona inawavunjia heshima. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaotucheka kwamba dini yetu peke yake ndiyo iliyowaza jambo hili. Siri ya kufuga viwavi ilifika Constantinople katikati ya karne ya 6, wakati wa Mfalme Justinian, baada ya watawa kuyapeleka mayai kwa magendo.

Mwaka 751 jeshi la Bani Abbas lilipigana na jeshi la China karibu na mto Talas, Asia ya Kati. Miongoni mwa mateka alikuwemo Mchina aitwaye Du Huan. Alikaa katika nchi za Kiislamu miaka mingi, akarudi kwao kwa meli mwaka 762, akaandika aliyoyaona. Katika mji wa Kufa aliwakuta mafundi wa Kichina, wakiwemo wafumaji wa hariri. Maandishi yake ni katika habari za mwanzo kabisa za Kichina zinazoeleza Waislamu, na ameeleza kwamba huswali mara tano kila siku. Haya yaliandikwa na mtu asiye Muislamu, mateka, miaka 130 tu baada ya kufa Mtume wetu (S.A.W.).

Baharini nako, wafanyabiashara wa Siraf, Basra na Oman walifika hadi mji wa Guangzhou, ambao Waarabu waliuita Khanfu. Abu Zayd wa Siraf amesimulia kisa cha mfanyabiashara mmoja aliyekwenda kumwona ofisa wa mfalme wa China. Wakiwa katika mazungumzo, mgeni yule akawa anakitazama kifua cha ofisa kwa mshangao, kwa sababu aliona baka la ngozi kupitia nguo, naye alidhani amevaa nguo mbili. Ofisa akacheka, akamwambia azihesabu. Zilikuwa nguo tano za hariri, moja juu ya nyingine. (Mabinti zangu, mnaona wenyewe kuwa halali ya hariri kwenu haijaondoa sharti la nguo kusitiri.)

Abu Zayd huyohuyo ametaja jambo ambalo kila nikilisoma husimama. Katika karne ya 9, muasi aitwaye Huang Chao aliuteka mji wa Khanfu, Wachina wenyewe wanauhesabu kuwa ni mwaka 879. Akawaua wageni wengi sana, Waislamu, Mayahudi, Wakristo na Majusi. Kisha akaikata miforsadi. Abu Zayd anasema kukatwa kwa miti ile ndiko kulikosababisha hariri ikatike katika nchi za Waarabu. Tazameni yule mwandishi wa bandarini Siraf, maelfu ya maili kutoka China, alivyojua kuwa bei ya kitambaa cha sokoni kwake imefungwa na jani la mti wa ng'ambo. Leo sisi tunanunua nguo kila Iddi, na hatujui hata moja imetokana na nini.

Wengine mnamjua Ibn Battuta kwa sababu alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Miaka kama 15 baadaye alifika China, na akaeleza kuwa hariri kule ilikuwa nyingi mno, mpaka ni vazi la mafakiri, na nguo moja ya pamba ikibadilishwa kwa nguo nyingi za hariri. Kumbe thamani ya kitu hutegemea umesimama wapi!

Pwani yetu haikuwa nje ya mambo haya. Amiri Zheng He, aliyezaliwa katika ukoo wa Kiislamu wa Yunnan, baba yake akiwa ni Haji, aliongoza safari saba za majahazi makubwa kati ya mwaka 1405 na 1433, na merikebu zake zilifika Mogadishu, Barawa na Malindi zikiwa na hariri kama bidhaa na zawadi. Wareno walipokuja waliwakuta wafumaji wa Pate wakisifika kwa vitambaa vya hariri. Ukienda leo Kilwa au Gedi utaonyeshwa vigae vya sahani za Kichina. Hariri hutaonyeshwa, kwa sababu kigae hubaki ardhini na kitambaa huoza, na ndiyo maana watoto wetu hudhani China ilituletea sahani tu.

Turudi sasa dukani. Mpaka leo China ndiyo ya kwanza duniani kwa hariri, India ya pili, na hizo mbili peke yake hutoa zaidi ya asilimia 90 ya hariri yote. Lakini hariri yote hiyo haifiki hata sehemu moja katika mia ya nyuzi zinazotengenezwa duniani. Zaidi ya nusu ya nyuzi zote ni poliyesta, ambayo hutokana na mafuta ya petroli, na China hiyohiyo ndiyo inayoongoza kuitengeneza. Sasa jiulize: mitandio yote inayoning'inia madukani kwetu, na muuzaji anakuambia "silki hii dada, silki safi", kweli viwavi wa kuitosha wametoka wapi?

Hapa ndipo penye maoni yangu, na najua baadhi ya wazazi wenye maduka hawatayapenda. Kuiuza poliyesta kwa jina la hariri ni ghushi, hata kama kila mtu mtaani anafanya hivyo, hata kama mteja mwenyewe hakuuliza. Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta ndani imelowa, akamkemea mwenye mali na kueleza kuwa anayeghushi si pamoja naye. Wala si jambo dogo kwa mnunuzi. Yupo mama aliyejinyima miezi kadhaa ili amnunulie bintiye hariri ya harusi, akapewa plastiki. Mfanyabiashara Muislamu aseme, "Hii inang'aa kama hariri, lakini si hariri." Atauza tu, maana watu wanaipenda kwa wepesi wake na bei yake.

Na upande wa pili ni sisi walimu. Wanazuoni wengi wa zama hizi wamesema kuwa hariri bandia haiingii katika uharamu, kwa sababu kilichokatazwa ni hariri inayotoka kwa kiwavi, ijapokuwa ni vyema mwanamume ajiepushe na mavazi ya kujifakharisha na yatakayomtia watu mashakani. Kitambaa kilichochanganywa, kwa Mashafi, huangaliwa uzito: hariri ikizidi ni haramu kwa mwanamume, ikiwa sawa na kingine au pungufu inajuzu. Utaujuaje uzito kwa kutazama tu mng'ao? Nimesikia vijana wakiambiana "tai yako haramu" njiani wakienda kuswali, mpaka wanafika msikitini wamenuniana. Katika tai kumi ninazoziona mimi, sijui kama moja ni hariri. Somo la libasi kwa darasa la tano na la sita tumelifundisha kwa miaka mingi kwa ubao na chaki, na hatujawahi kumwonyesha mwanafunzi hata uzi mmoja wa hariri ya kweli.

Nimeiomba kamati ya madrasa itununulie kipande kidogo cha hariri halisi, cha ukubwa wa leso, kiwekwe kabatini pamoja na vipande vya pamba, sufi na poliyesta. Mwalimu awashe nyuzi mbele ya darasa, wanafunzi wanuse na waone majivu. Watoto wasifanye jaribio hilo nyumbani bila mtu mzima, na wala lisifanywe kwenye nguo ya mgeni! Kamati imesema italitazama baada ya Ramadhani. Yule bibi nimemwendea nyumbani, nikamwomba aje kulifundisha somo la kwanza, na amekubali kwa sharti kwamba kipande chake cha harusi hakitachomolewa uzi mwingine.

Mjukuu wake nilimwomba radhi mbele ya darasa lote, kama nilivyomvua kizibao mbele ya watu wote. Alisema, "Nimekusamehe Maalim." Lakini kizibao hakukivaa tena mpaka kikawa hakimtoshi.

Wallahu aalam.